JINO NA JINA: SOMO JUU YA KUPANDA NA KURIDHIKA



Egzame ya Leta inakaribia. Sisi mafinalisti, jioni nyuma ya chakula, mbele ya taa kuzimwa, tuko na swali moja tu mu nyumba ya kulala: kisha diploma, tutasoma nini? Wako wanaosema sheria, wako wanaosema ufundi wa umeme, wako wanaosema ualimu. Lakini wengi wanataja kazi ya munganga, na kati yao wako wawili wanaotaka kuwa munganga wa meno. Tuliwauliza sababu. Wa kwanza alijibu: « Jino ikiuma, muntu hawezi kungoja. Atauza mbuzi, atalipa. » Wa pili alijibu: « Munganga wa meno haitwe sana usiku. Analala muzuri, na watoto wake wanamuona. »

Tulicheka wote. Kisha tulibaki tukifikiri. Jibu la kwanza ni la mtu anayetaka kupanda. Jibu la pili ni la mtu anayetaka maisha ya utulivu. Je, mambo haya mawili yanaweza kukaa mu nyumba moja? Au anayetaka kupanda ni lazima apoteze amani, na anayependa amani ni lazima abaki chini?

Juu ya swali hili tumeandika somo la mwezi huu. Hatutaki kusema maneno matupu. Tutaangalia watu watatu waliofanya kazi ya meno kweli. Wote walikuwa wa nchi ya Marekani, wa wakati mmoja, tena walijuana: mmoja alikuwa mwalimu, na wawili walikuwa wanafunzi wake. Anayetaka kusoma sheria au ualimu asiache kusoma, maana jambo lenyewe ni letu sote.

1. KWANZA TUJUE KAZI YENYEWE

Mtoto ana meno 20 ya kwanza. Mtu mzima, kama meno yote yameota, ana 32. Mu kinywa muna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Tukila sukari na kukosa kusugua meno, vijidudu hivi vinakula ile sukari na kutoa asidi. Asidi inakula ngozi ngumu ya jino polepole, mpaka tundu linatokea. Tundu likifika mu sehemu ya ndani yenye mishipa, njo hapo mtu anashika shavu na kulia usiku.

Si watu wachache wanaoteswa hivyo. Mu mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza kwamba karibu watu miliari 3,5 wako na magonjwa ya kinywa. Na sehemu kubwa ya magonjwa hayo yanaweza kuzuiwa. Basi kazi iko. Anayetaka kusoma meno hatakosa wagonjwa, kama anajenga mu muji mkubwa au mu kijiji.

Zamani kazi hii haikuwa na heshima. Mu Ulaya waliong'oa meno walikuwa wanyozi na watu wa masoko. Mu mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi ya meno, na watu wakaanza kuona kwamba hii ni elimu, si nguvu ya mikono tu. Mu mwaka 1840 masomo ya kwanza ya waganga wa meno yalifunguliwa ku Baltimore, mu Marekani. Lakini jambo moja lilibaki: maumivu. Mgonjwa alishikwa mikono na miguu, jino likang'olewa akiwa macho, akilia. Wengine waliona heri kubaki na jino bovu miaka mingi kuliko kuketi mu kiti cha munganga.

Hapo mtaelewa: mtu atakayepata namna ya kuondoa yale maumivu, huyo atapata jina kubwa na feza nyingi. Sasa tuwaone watu wetu watatu.

2. HORACE WELLS, MWALIMU

Horace Wells alizaliwa mu mwaka 1815. Alifanya kazi ya meno mu muji wa Hartford, mu jimbo la Connecticut. Alikuwa kijana mwenye akili. Mu mwaka 1838 alichapisha kitabu kidogo juu ya meno. Alikuwa na wagonjwa, na tena alifundisha vijana wengine kazi.

Tarehe 10 Desemba 1844 alikwenda kuangalia mchezo. Bwana mmoja, Gardner Colton, alikuwa anapita mu miji na kuwavutisha watu gazi inayofanya mtu acheke na kurukaruka. Watu walilipa kuona. Mu mchezo ule kijana mmoja aliumia mguu, damu ikatoka, naye hakusikia kitu. Wengine walicheka tu. Wells hakucheka. Alijiuliza: kama mguu hausikii, jino litasikia?

Kesho yake, tarehe 11 Desemba, alimwomba Colton alete ile gazi. Wells mwenyewe aliivuta, na mwanafunzi wake wa zamani, John Riggs, akamng'oa jino la nyuma. Hakusikia maumivu. Tuangalie vizuri: hakujaribu kwanza ku mwili wa mgonjwa maskini, alijaribu ku mwili wake.

Kisha aliitumia kwa wagonjwa wengine, na kwa wengi ilifaulu. Hakutaka kuifunga iwe mali yake. Alitaka waganga wote waitumie bure.

Mu Januari 1845 alikwenda Boston kuionyesha mbele ya wanafunzi wa uganga. Kifuko cha gazi kiliondolewa mapema. Mgonjwa akapiga kelele. Wanafunzi wakamzomea Wells na kumwita mdanganyifu.

Wells alirudi Hartford akiwa mgonjwa. Aliacha kazi, akairudia, akaiacha tena. Akaanza kuonyesha watu ndege, akauza vyombo vya kuogea, akaenda mpaka Ufaransa kutafuta picha za kuuza. Alipoona mtu mwingine amepata sifa kwa jambo kama lake, alianza kupigania jina lake. Mu mwaka 1848, ku New York, alijaribu klorofomu ku mwili wake mara nyingi mpaka akili ikaharibika. Alifanya tendo baya mu barabara, akatiwa mu gereza, na mule alijiua. Alikuwa na miaka 33. Habari ya kwamba waganga wa Paris wanamheshimu ilifika nyuma ya kifo chake. Mu mwaka 1864 chama cha waganga wa meno wa Marekani kilikubali kwamba Wells ndiye aliyetangulia. Na gazi yake inatumiwa mpaka leo mu vyumba vya waganga wa meno.

3. WILLIAM MORTON, MWANAFUNZI WA KWANZA

William Morton alizaliwa mu mwaka 1819. Alijifunza kazi kwa Wells, wakafanya kazi pamoja muda mfupi, kisha wakaachana. Morton alitaka kufika juu, na alikuwa na nguvu ya kutafuta. Tarehe 30 Septemba 1846 aling'oa jino la mtu kwa kumvutisha eteri, na mtu yule hakusikia kitu. Tarehe 16 Oktoba 1846, ku hospitali kubwa ya Boston, alimlaza mgonjwa usingizi kwa eteri, na profesa John Collins Warren akamtoa uvimbe ku shingo mbele ya waganga wengi. Mgonjwa hakupiga kelele. Habari ile ilivuka bahari mu muda mfupi. Kila mtu anayepasuliwa leo akiwa amelala ana deni kwa siku ile.

Lakini angalieni yaliyofuata. Morton aliitia eteri rangi na harufu nyingine, akaipa jina jipya ili watu wasiitambue. Tarehe 12 Novemba 1846 yeye na munganga Charles Jackson walipata karatasi ya Serikali inayosema kwamba uvumbuzi huu ni mali yao, anayeutumia awalipe. Waganga walitambua harufu. Wakasema: « Hii ni eteri tu », wakaitumia pasipo kulipa. Hata majeshi ya Serikali yaliitumia hivyo.

Kisha Morton na Jackson waligombana wenyewe kwa wenyewe. Akademi ya Paris iliwagawia pamoja zawadi ya faranga 5.000, Morton alikataa kugawana. Aliomba Bunge la Marekani limlipe dola 100.000. Aliomba mara nyingi, miaka mingi, na hakulipwa. Wakati ule wote hakuwa tena ku kiti cha meno. Madeni yakamjia. Tuseme haki: mu vita vya Marekani, mu mwaka 1864, aliwasaidia askari waliojeruhiwa kwa eteri, na hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini mu mwaka 1868 alisoma maandishi yaliyompa Jackson sifa, akaenda New York kujitetea, na kule, mu joto kali, alianguka akafa. Alikuwa na miaka 48.

4. JOHN RIGGS, MWANAFUNZI WA PILI

Sasa mtauliza: na yule aliyeshika koleo tarehe 11 Desemba 1844, yeye alikwenda wapi?

Hakwenda mbali. John Riggs, aliyezaliwa mu mwaka 1811, alibaki Hartford. Yeye pia angeweza kusema: « Mimi ndiye niliyeng'oa jino la kwanza, nilipeni. » Hakusema hivyo. Ugomvi ulipotokea, alishuhudia kwamba heshima ni ya mwalimu wake Wells. Kisha alirudi ku wagonjwa wake.

Basi alilala? Hapana. Mu miaka ile watu wengi walipoteza meno mazima, yasiyo na tundu, juu ufizi ulioza na kutoa usaha mpaka jino likalegea. Waganga wengi walidhani hakuna dawa, wengine walikata ufizi. Riggs aliangalia vinywa mwaka kwa mwaka, akaona kwamba chanzo ni uchafu mgumu unaoshika ku jino chini ya ufizi. Akaukwangua kwa vyombo vidogo, akalainisha jino, akamfundisha mgonjwa kusafisha kinywa kila siku. Alibishana na wenzake miaka mingi, na mu mwaka 1876 maandishi yake juu ya ugonjwa ule yalichapishwa. Watu waliuita ugonjwa wa Riggs. Alikufa mu mwaka 1885 akiwa na miaka 74.

Mnaona jambo la ajabu? Wawili waliokimbia nyuma ya jina walikufa wakililia. Yule aliyebaki ku jino, jina lilimfuata lenyewe mpaka kwake. Hatusemi kwamba itakuwa hivyo kila mara. Wako watu wengi wanaofanya kazi njema na hakuna anayewataja. Lakini Riggs, hata kama jina lisingekuja, angekuwa na kazi yake, na wagonjwa wenye meno mazima.

5. TUNAJIFUNZA NINI?

Neno la kwanza: kutaka kupanda si jambo baya. Wandugu, hapana kusema kwamba Morton alikuwa mtu mubaya tu. Pasipo hamu yake, watu wangeendelea kupasuliwa wakilia. Na kuridhika pia kunaweza kuwa na kosa lake. Mu jimbo la Georgia alikuwako munganga mmoja mtulivu, Crawford Long. Yeye alitumia eteri kwa kupasua tangu Machi 1842, mbele ya Wells na Morton. Lakini alikaa kimya, na hakuchapisha habari mpaka mwaka 1849. Miaka saba! Mu miaka ile wagonjwa wangapi walishikwa kwa nguvu juu ya meza? Utulivu unaoficha dawa si utulivu mwema.

Neno la pili: swali kubwa si kusema unataka kupanda kiasi gani. Swali ni: unapanda kwenda wapi? Kati ya jino na jina iko herufi moja tu ya tofauti, lakini njia ni mbili. Anayepanda kuelekea jino anataka kujua zaidi, kuumiza kidogo zaidi, kuponya vizuri zaidi. Hamu hiyo haina mwisho, na haiondoi usingizi, juu kila jioni mtu ameongeza kitu. Anayepanda kuelekea jina anangoja watu wengine wampe. Wakikataa, hana kitu. Wakimpa mwenzake, anaona wameiba mali yake.

Neno la tatu: kuridhika si uvivu, tena si kukubali kunyimwa mshahara. Munganga anakula, anasomesha watoto, ananunua vyombo. Asiyelipwa hawezi hata kununua mafuta ya kuchemsha koleo zake. Wazazi wetu wengi wameuza mazao na mbuzi juu ya masomo yetu, na wana haki ya kuona matunda. Kuridhika ni kupanga mapema kipimo cha « inatosha ». Nyumba isiyovuja, watoto ku masomo, wazazi kusaidiwa, vyombo safi vya kazi, vitabu vipya. Tupange kipimo hicho sasa, tukiwa bado na mfuko mtupu. Mtu anayengoja kutajirika kwanza ili apange, ataona kila siku kipimo kinasogea mbele, sawa kivuli chake wakati jua liko mgongoni. Mwenzetu aliyetaja mbuzi, tunamwambia hivi: lipisha kazi yako, lakini usifurahie kwamba mgonjwa hawezi kungoja. Maumivu yake si soko lako.

Neno la nne, na hili ni la haraka mu mwezi huu. Wells hakuharibiwa na umaskini. Hakuharibiwa na tamaa ya feza pia. Aliharibiwa na haya ya siku moja. Siku moja ku Boston watu walimzomea, naye akaona maisha yote ya kazi yamekwisha. Lakini ku Hartford wagonjwa aliowaponya walikuwako bado, kiti chake kilikuwako, mikono yake ilikuwa ileile. Wandugu, matokeo ya Egzame yatakapotoka, kati yetu wako watakaoanguka. Tuseme wazi, maana kila mwaka ni hivyo. Aliyeanguka si mdanganyifu, wala si mtu bure. Kifuko kiliondolewa mapema, ni hivyo tu, ataanza tena. Na sisi tutakaofaulu, tusiwe sawa wale wanafunzi wa Boston. Tukiona mwenzetu amenyamaza, hali chakula, anajitenga, tumfuate siku ileile, tuketi naye, na tumwambie mwalimu au mzazi. Usiseme: « Ataacha tu. » Wells alikuwa na rafiki, lakini ku New York alikuwa peke yake.

6. MASWALI YA KUJIFUNZA

Kila kikundi kichague mwandishi, kisha majibu yaletwe kwa kamati ya bulletini.

1) Kazi unayotaka kusoma: kama hakuna mtu atakayekusifu juu yake, utaifanya bado?

2) Andika mistari mitano juu ya kipimo chako cha « inatosha ». Ifiche karatasi hiyo, uisome tena nyuma ya miaka kumi.

3) Morton alisaidia watu wengi kuliko Riggs, lakini Riggs aliishi na amani zaidi. Ungependa kuwa nani? Toa sababu. (Walimu pia wanaombwa kujibu!)

4) Crawford Long alifanya vibaya kunyamaza? Kikundi kimoja kimtetee, kingine kimshitaki.

5) Mu kijiji chenu munganga wa meno wa karibu yuko umbali gani? Watu wanafanya nini wakiumwa jino usiku?

Swali hili la mwisho ni kwa wale wawili zaidi, yule wa mbuzi na yule wa usingizi. Tukiwasikiliza vizuri, tunaona kila mmoja ana nusu ya ukweli. Wa kwanza anajua kwamba kuna watu wanaoumia na kungoja. Wa pili anajua kwamba munganga aliyechoka na asiyeona watoto wake hataponya watu muda mrefu. Wakisoma pamoja, wakafungua chumba kimoja cha meno, mmoja amsukume mwenzake mbele na mwingine amkumbushe kufunga mlango jioni, tutafurahi kuwaletea meno yetu.

Mpaka hapo, wadogo wa madarasa ya chini, sugueni meno asubuhi na usiku, na bombo mupunguze.

Tunawatakia masomo mema.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho